Heko kwa wapimaji wasioharakishwa

Kamera mpya ikitangazwa leo, kesho watu wanauliza: tathmini iko wapi? Nawapongeza DPReview kwa kutokimbizwa na swali hilo tangu Phil Askey aanzishe jarida hilo la mtandaoni Uingereza mwaka 1998.

Tazama tu picha zao za studio. Kila kamera huelekezwa kwenye vitu vilevile: nyuzi za rangi, manyoya, maandishi madogo. Kisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hupandishwa hatua kwa hatua, mpaka manyoya yanapotea ndani ya chengachenga. Msomaji huziweka kamera mbili bega kwa bega akajionea mwenyewe. Fokasi ikikosewa kidogo tu, ulinganisho wote umeharibika, ni kuanza upya. Na bado kamera haijatoka nje kumfuata mtu aliye mwendoni!

Mpiga picha wa harusi anayetoa akiba yake yote kununua kamera anastahili uangalifu huo, hata akiusubiri wiki kadhaa. Ndiyo maana Machi 2023, Amazon, iliyolinunua jarida hilo mwaka 2007, ilipotangaza kulifunga, wasomaji walihuzunika sana. Juni likachukuliwa na kampuni ya Gear Patrol, na upimaji ukaendelea.