Breki Inayonata na Mpangilio wa Ushahidi

Kitabu cha ufundi cha gari la zamani hulimaliza tatizo la breki zinazonata kwa jedwali: dalili huku, chanzo huku, tiba kule mwisho. Gurudumu lina joto? Pistoni ya kalipa imeshika kutu, au paipu ya mpira imeziba, au masta silinda hairudishi mafuta, au kebo ya handbreki imekaza. Vyanzo vimepangwa kimoja chini ya kingine, vyote na uzito uleule, na msomaji anaachiwa achague. Jedwali hilo halina wakati, na breki inayonata ni kisa chenye wakati: gari linatoka nyumbani jepesi, linaanza kuwa zito baada ya kilomita kadhaa, linanuka, kisha likipoa linarudi kuwa zima kana kwamba halikuugua.

Fani inayoutunza wakati huo ni maswali ya fundi. Chukua mazungumzo ya aina hii, ya kawaida katika gereji za jua kali za Kisii, mzee anapoleta Peugeot 504 yake:

“Omogaka, ilianza kushika ukiwa wapi?”

“Nimetoka nayo Nyamira vizuri tu. Nimepita Keroka, kufika Keumbu naona inavuta kushoto.”

“Inavuta ukikanyaga, ama hata ukiachilia?”

“Hata nikiachilia.”

“Na umeizima saa ngapi?”

Maswali matatu mafupi, na kila moja lina kazi yake. La kwanza linauliza mahali ila linatafuta muda: kutoka Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, barabara inateremka kuelekea mjini Kisii, kwa hiyo jina la kituo linamwambia fundi breki zimekanyagwa kiasi gani kabla ya kushika. La pili ndilo kali zaidi. Gari likivuta kushoto dereva anapokanyaga peke yake, huenda mgonjwa yuko kulia: breki ya kulia haishiki, ya kushoto inafanya kazi ya mbili. Likivuta hata pedali ikiachiliwa, basi kushoto kuna kitu hakijarudi. Jibu moja limevuka upande mzima wa gari. Swali la tatu linaonekana la adabu tu, kumbe linauliza kama ushahidi bado upo. Gari likilala, ushahidi nao umelala.

Kisha mkono unasogezwa karibu na ringi, bila kugusa. Hapa wengi wanakosea usomaji. Katika milima ya Gusii kila gari lililoshuka lina magurudumu ya moto, na ya mbele huwa ya moto kuliko ya nyuma kwa sababu ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya kusimamisha. Joto peke yake halithibitishi chochote. Kinachosomwa ni tofauti kati ya kushoto na kulia kwenye ekseli moja. Fundi makini humwomba dereva aliendeshe gari kidogo mahali tambarare, kisha aliache lisimame lenyewe bila kukanyaga pedali, ili joto halali la breki lisichanganywe na lile la kunata. (Kupata mahali tambarare Kisii ni kazi nyingine, walio karibu na Suneka wana bahati.)

Hadi hapo hakuna spana iliyoguswa. Inapoguswa, mpangilio unakuwa ndio hoja yenyewe, na ndipo ninapotofautiana na mazoea ya gereji nyingi. Mazoea ni haya: inua gari kwa jeki, zungusha gurudumu, likikataa legeza nipo ya kublidi pale kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, fundi anatangaza kwamba kulikuwa na presha iliyofungiwa. Ni kweli. Lakini ametumia kilele cha kisa kwenye ukurasa wa kwanza. Presha ikishatoka hairudi mpaka gari liendeshwe tena, na bado hajui ilifungiwa wapi. Inaweza kuwa kwenye paipu ya mpira, inaweza kuwa juu kabisa kwenye masta silinda. Kinachofuata ni kubahatisha, na kubahatisha kunalipwa na mwenye gari: kalipa mpya, kisha paipu mpya, kisha masta silinda, na Jumatatu gari linarudi.

Anza juu ushuke. Kwanza legeza nati zinazoishikilia masta silinda kwenye busta na uivute mbele kidogo. Magurudumu yakiachia, fimbo ya pedali ni ndefu mno, inaisukuma pistoni hata mguu ukiwa sakafuni. Yasipoachia, legeza bomba linalotoka masta silinda. Yakiachia sasa, kosa liko ndani ya masta silinda: kile kitundu chembamba kinachorudisha mafuta kwenye chupa kimezibwa na uchafu, au na mpira uliovimba kwa sababu mtu alijazia mafuta yasiyo ya breki. Bado limekaza? Shuka hadi paipu ya chuma inapokutana na ile ya mpira. Nipo iwe ya mwisho. Ikifunguliwa na gurudumu likaachia, paipu ya mpira haina pa kujificha. Lisipoachia hata hapo, hakuna presha ya kulaumu. Ni kutu ya pistoni au ya pini ambazo kalipa hutelezea. Kila hatua inafuta mshukiwa mmoja na kuwaacha waliobaki na ushahidi wao mzima.

Paipu ya mpira inastahili neno la ziada, maana ndiyo inayodanganya kuliko wote. Nje ni nzima, ndani imevimba na kubana. Mguu una nguvu ya kutosha kupenyeza mafuta kwenda. Kurudi ni habari nyingine, kwa sababu kalipa ya diski haina springi ya kuirudisha pistoni. Kuna sili ya mpira tu, iliyojipinda kidogo wakati wa kukanyaga na inayojinyoosha baadaye. Nguvu hiyo ndogo haiwezi kuyasukuma mafuta kupita palipobana.

Na kuna kinaya ambacho jedwali halikionyeshi, kwa kuwa hutokea baada ya muda. Breki inayoshika kupita kiasi huishia kutoshika kabisa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na Gusii unyevu haukosekani. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kipimo kinachokubalika kinashuka hadi 140. Kalipa iliyonata huyachemsha, mvuke hujaa, na pedali huzama hadi sakafuni, mara nyingi kwenye mteremko uleule.

Usomaji huu unafaa kwa diski za mbele. Kwenye Datsun 240Z, gari la michezo alilolitumia Edgar Herrmann kushinda Safari Rally mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973, nyuma kuna dramu, na dramu hupindua wakati. Springi zake za kurudisha ni za chuma, na handbreki huleta chanzo kisichohusiana na mafuta hata kidogo. Gari likiegeshwa usiku wa mvua na handbreki imevutwa, bitana hushikana na dramu kwa kutu. Asubuhi linagoma, kisha linaachia kwa mlio mmoja na kwenda siku nzima bila neno. Mwenye gari la namna hiyo akiliendesha hadi gereji amefuta kila kitu njiani. Amwite fundi nyumbani kabla ya kuliwasha.