Barua ya Noeli ya Askofu Kataliko Isisomwe Nusu

Hapa Bulengera, na katika Butembo yote, hakuna haja ya kueleza Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alikuwa nani. Alikuwa askofu wetu wa Butembo-Beni tangu 1966 hata 1997, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa katika siku zake, mwaka 1989. Lakini barua yake ya Noeli ya 1999, aliyowaandikia waamini wa Bukavu wakati wa vita, hutajwa mara nyingi kuliko inavyosomwa. Na katika wale wanaoisoma, wengi husoma nusu.

Nusu inayopendwa ni ile inayowashutumu wageni. Askofu asema kwamba mataifa ya nje yanaendesha vita kwa mali ya nchi yetu wenyewe. Mali iliyopasa kusomesha watoto na kuponya wagonjwa imekuwa mali ya kutuua. Ni maneno ya kweli, tena ya ushujaa, kwa kuwa siku zile waasi wa RCD ndio waliotawala Bukavu. Lakini hapo hapo awataja pia ndugu zetu Wakongo wanaoshirikiana na hao wageni. Kisha aongeza jambo chungu zaidi: wako wenzetu walioanguka hata kumtoa ndugu yao kwa noti ya dola 10 au 20.

Kwa maoni yetu, nguvu ya barua hii iko hapo. Ilikuwa rahisi kugawa watu mafungu mawili, sisi wema na wale waovu, nasi tungepiga makofi. Kataliko hakuandika hivyo. Alijua kwamba tamaa haina kabila wala mpaka, na kwamba mwizi wa nje hapati mlango pasipo mtu wa ndani wa kumfungulia.

Nani asiyemkumbuka Yuda hapo? Yohane atuambia kwamba Maria wa Betania alimpaka Yezu miguu kwa marashi ya bei ya dinari 300, karibu mshahara wa kibarua kwa mwaka mzima. Yuda akanung'unika. Lakini angalieni alivyonung'unika! Hakusema anataka fedha. Alisema habari za maskini. Mwinjili ndiye anayetufunulia kwamba mshika mfuko huyo alikuwa mwizi. Naye Mathayo ataja bei aliyomtolea Mwalimu wake: vipande 30 vya fedha. Maria alitoa bila kuhesabu. Yuda alihesabu, akapata hasara ya milele.

Ndiyo desturi ya tamaa: haiji uchi, huvaa nguo ya huruma. Anayepunja mizani sokoni husema ana watoto wa kulisha. Anayedai rushwa husema mshahara hautoshi. Anayekula mchango wa kanisa husema ameazima tu, atarudisha. Kila mmoja ana maskini wake wa kumtaja.

Je, barua haina upungufu? Tunaona mmoja. Mfano wa kujitoa unaong'aa humo ni ule wa Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyeuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Mwenye duka au karani aweza kuusoma, akatikisa kichwa na kusema: hayo ni ya maaskofu na mapadri, mimi nina biashara yangu.

Jibu limetoka baadaye Goma, katika Kivu yetu hii ya Kaskazini. Floribert Bwana Chui alikuwa mlei, mtumishi wa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Mwaka 2007 aliahidiwa fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite, viuzwe kwa watu. Akakataa. Akatekwa, akauawa, naye hajatimiza miaka 30. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma. Huyu hakuwa na mimbari. Alikuwa na kazi yake ya kila siku, akaifanya kama Mkristu. Karani sasa hana la kusingizia.

Kataliko naye alilipa gharama ya maneno yake. Mnamo Februari 2000 RCD walimkataza kukaa Bukavu, wakamleta uhamishoni kwetu Butembo. Septemba akaruhusiwa kurudi kwa waamini wake. Tarehe 4 Oktoba 2000 akafariki Roma. Aliyeandika juu ya kujitoa hakujiwekea akiba.

Basi, barua hii isomwe katika jumuiya zetu, nayo isomwe yote. Tukifika pale panapowataja wageni, tusome kwa sauti kubwa, maana ni haki. Tukifika pale pa noti ya dola 20, tusishushe sauti. Pale ndipo Askofu wetu wa zamani anapozungumza nasi.