Namba za Vichwa: Kuitambua Kazi Safi

Ukionyeshwa ukurasa wa wavuti ambao vichwa vyake vimepangwa kwa namba, usiusifu kwa kuutazama tu. Chomeka kichwa kidogo kipya, bila namba, kabla ya 2.3, kisha uupakie upya. Katika kazi safi, kilichokuwa 2.3 kitakuwa 2.4 bila mtu kukigusa, na sura ya tatu itabaki ilivyo. Ukikuta kichwa kipya hakina namba na 2.3 imebaki ilivyo, jua fundi alizichapa namba kwa mkono, ilhali CSS, lugha ya mitindo ya kurasa za wavuti, ina kaunta za kuhesabu zenyewe tangu toleo lake la pili la mwaka 1998.

Ukurasa ukipita jaribio hilo, fungua faili la mitindo. Kaunta ya sura ianzishwe mara moja, kwenye body, kwa counter-reset. Kila h2, yaani kichwa cha sura, iongeze moja kwa counter-increment na papo hapo irudishe sifuri kaunta za ngazi za chini. Namba yenyewe itokee kwenye ::before, mbele ya maneno ya kichwa. Kule kurudisha sifuri ndiko wengi wanakoteleza. Fundi anataka h2 irudishe kaunta mbili, basi anaandika counter-reset mara mbili. Kivinjari hufuata ile ya mwisho. Ya kwanza hupotea bila onyo, na sura ya nne inaanza na 4.6 kwa kuendeleza hesabu ya sura iliyotangulia. Majina yote mawili yakae kwenye tamko moja, yakitenganishwa na nafasi, bila mkato.

Nikiona 3.0.1, silaumu mitindo. Sifuri hiyo inashuhudia kwamba mwandishi ameruka kutoka h2 hadi h4, pengine kwa kupenda herufi ndogo. Msomaji asiyeona, anayetembea ukurasani kwa kuruka kichwa hadi kichwa, hupotezwa na pengo hilohilo. Kaunta nzuri hulifichua.

Alama za juu kabisa nampa fundi anayejua pa kuacha. Namba ya ::before haimo katika maandishi: ukinakili kichwa, yenyewe inabaki. Kwa mwongozo wa matumizi unaobadilika kila mwezi, hilo linavumilika. Kwa sheria, halivumiliki. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, hujulikana kwa namba yake. Kichwa kimoja kikiongezwa juu yake kimakosa, kaunta itaifanya ya 8. Namba ya namna hiyo iandikwe kwa mkono, ndani ya kichwa chenyewe.