Pongezi kwa Wachuuzi wa Magenge ya Chamazi

Genge ni biashara ndogo ya mboga na matunda, inayowekwa barazani au kando ya njia. Chamazi, kata ya Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam, iliyo upande wa Mbagala, hutegemea magenge kwa mlo wa kila siku. Kazi huanza alfajiri: mchuuzi hununua kwa jumla sokoni, hupakia matenga kwenye bodaboda au bajaji, kisha hupanga nyanya, vitunguu na bamia kwa mafungu. Fungu humwezesha mwenye fedha kidogo kupika siku hiyo, na mteja mwaminifu hukopeshwa.

Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, huja na taabu na neema. Mvua hujaza tope njiani na nyanya huoza upesi, lakini maembe nayo hufika kwa wingi kutoka wilaya jirani ya Mkuranga. Pia, mechi za soka zinapochezwa Azam Complex, uwanja wa Azam FC ulioko Chamazi, mashabiki nao huwa wateja.

Wachuuzi hawa, wengi wao wanawake, hulisha mtaa na kusomesha watoto kwa faida ndogo. Wanastahili heshima na pongezi za dhati.