Darasa la Saba Mbele ya Matangazo ya Biashara

Mtu anayetoka katikati ya mji wa Lubumbashi kwenda komini ya Kenya hashiki kitabu, lakini njiani anasoma sana. Ukuta wa duka umepakwa rangi ya kampuni ya simu, mwavuli wa muuza inite una rangi ileile, na juu ya mlango wa baa jina la bia ni kubwa kuliko jina la mwenye baa. Mtoto wa miaka 12 anapita hapo mara mbili kwa siku. Amefundishwa herufi, basi anazisoma zote. Kuuliza nani aliyeziandika, na kwa kusudi gani, hakufundishwa.

Twataka kusema neno juu ya jambo hili, sababu sheria ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka madarasa ya saba na ya nane ndani ya elimu ya msingi, na wanafunzi wa madarasa hayo wana umri uleule unaotafutwa na wauzaji. Programu yao ya sayansi ina mafundisho ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Vema. Lakini mara nyingi mafundisho hayo ni majina ya sehemu za kompyuta yaliyoandikwa ubaoni, katika shule isiyo na kompyuta. Jioni mtoto anashika simu ya kaka yake, na huko hana mwalimu.

Wako walimu wanaojaribu. Lakini wengi tuliowasikia wana njia moja tu: husimama mbele ya darasa na kusema, "Piblisite ni uongo." Watuwie radhi, somo hilo ni dhaifu. Kwanza, si kweli. Tangazo la chanjo ya surua nalo ni tangazo. Mwezi wa Februari 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa maandishi juu ya maadili katika matangazo ya biashara, nayo hayakusema kwamba matangazo ni mabaya yenyewe. Yaliyataka yashike ukweli, heshima ya binadamu na wajibu kwa jamii. Pili, mtoto aliyeambiwa kwamba yote ni uongo haoni tena haja ya kutazama. Anaitikia "ndiyo, mwalimu", kisha anaimba wimbo wa bia akirudi nyumbani.

Tutwae bia hiyohiyo. Hapa kwetu tuna Simba, tuna Tembo. Kwa nini kinywaji kipewe jina la mnyama? Ulizeni darasani, mtaona mikono inainuka: ili mnywaji ajione ana nguvu. Hakuna sentensi hata moja ya uongo hapo. Jina peke yake limefanya kazi yote. (Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi tangu zamani huita tembo yule mnyama na pia pombe ya mnazi, basi neno hilo lilikuwa limekwisha kulewa kabla ya kufika Katanga.)

Tena kuna habari ambayo walimu wa historia huipita haraka. Mwaka 1957, baada ya kutoka gerezani, Patrice Lumumba aliajiriwa Léopoldville na kiwanda cha Bracongo, akawa mtu wa kuitangaza bia ya Polar iliyoshindana na Primus. Mwezi wa Oktoba 1958 akawa mmoja wa waanzilishi wa chama cha MNC. Hatuoni aibu yoyote hapo, twaona somo zuri. Ulimi uliouza chupa ndio ulioita watu kwenye uhuru. Sauti ni moja. Ni juu ya msikilizaji kujua sasa anaitwa kwenye nini.

Wanamuziki wa siku zetu wamekwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 2000 Werrason alisimama upande wa Primus, na JB Mpiana upande wa Skol. Tena kuna mabanga, yaani majina ya watu yanayotupwa ndani ya wimbo, mengi yakiwa yamelipiwa. Mtoto anayeimba jina la tajiri ambaye hajamwona kamwe anamfanyia kazi bila mshahara.

Linalotuumiza zaidi ni mafuta ya kujichubua. Tangazo lake halimwambii msichana wa darasa la nane, "Wewe ni mbaya." Likisema hivyo atakasirika. Linamwonyesha mwanamke mweupe anayecheka, na msichana anaimaliza sentensi mwenyewe moyoni. Ndiyo maana mwalimu anayepiga kelele "Msijichubue!" hajaigusa sentensi ile. Afadhali alete sanduku lenyewe darasani. Maneno gani yameandikwa makubwa, na yapi madogo hata hayasomeki? Hidrokinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha madoa meusi usoni, kinyume kabisa cha picha ile. Zebaki huharibu figo; kwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni vilipaswa kukoma kutengenezwa na kuuzwa kati ya nchi na nchi ifikapo 2020. Tumewasikia wasichana wakisoma sanduku hivyo, pole pole, wakicheka mwanzoni, halafu wakinyamaza.

Na habari za redio na televisheni? Hapo kazi ni ngumu, sababu tangazo limevaa koti la habari. Katika nchi yetu kila mtu anajua neno "coupage": mwandishi anaitwa kwenye mkutano, anapewa bahasha, na jioni sifa za mwenye bahasha zinasomwa kama habari. Vituo vingi vina mabwana wao wa siasa. Televisheni ya Nyota ya hapa Lubumbashi, mali ya Moïse Katumbi, ilifungwa mwaka 2016. Mwanafunzi haitaji kuchagua upande ili ajue kuuliza: chombo hiki ni cha nani?

Lakini tusiwalaumu wauzaji peke yao. Tumeona ukuta wa shule uliopakwa rangi ya kampuni kutoka msingi hata madirisha. Ukimwuliza mkuu wa shule, atakujibu kwamba rangi ilikuwa ya bure na ukuta ulikuwa unabomoka. Hatumhukumu, twajua hali ya sanduku lake. Twamwomba tu awatoe wanafunzi wa darasa la saba nje saa moja, wasimame mbele ya ukuta huo, wapime marefu na mapana yake, wahesabu watu wangapi hupita barabarani kwa siku, kisha wamwambie kama kweli rangi ile ilikuwa ya bure.