Mita Imefungwa Wapi?

Agosti 2025 Google ilitoa hesabu iliyosubiriwa sana: swali moja la maandishi kwa Gemini, akili mnemba yake, hula umeme wa wati-saa 0.24 na maji mililita 0.26, yaani matone matano hivi, na huzalisha gramu 0.03 za hewa ukaa. Kwa mnunuzi wa LUKU, uniti moja ingetosha maswali zaidi ya 4,000. Birika la wati 2,000 humaliza umeme wa swali moja kabla nusu sekunde haijaisha.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Mistral, kampuni ya akili mnemba ya Ufaransa, ilikuwa imetoa hesabu yake: jibu la tokeni (vipande vya maneno) 400, gramu 1.14 za hewa ukaa na maji mililita 45. Maji hayo ni zaidi ya mara 170 ya yale ya Google. Modeli na majibu yaliyopimwa si yale yale, lakini kuna jingine: kila mmoja kafunga mita mahali pake.

Kwenye umeme, Google ilipima kwa upana. Ingehesabu chipu zilizo kazini tu, ingepata namba ndogo zaidi. Katika ile 0.24, chipu za akili mnemba huchukua 0.14, prosesa na kumbukumbu za seva 0.06, upoozaji na upotevu wa umeme kituoni 0.02. Nyingine 0.02 ni ya mashine zilizowashwa zikingoja kazi, kama daladala inayounguruma stendi: abiria hajapanda, mafuta yanaungua.

Kwenye maji, mita ikasogezwa ndani. Yamehesabiwa yale tu yanayotumika kupooza kituo cha data. Yanayotumika kwenye mitambo ya kufua umeme yameachwa nje. Mistral, ikishirikiana na kampuni ya ushauri ya Carbone 4 na ADEME, wakala wa serikali ya Ufaransa wa mazingira, ilifuata mzunguko mzima wa maisha, tangu seva inapoundwa kiwandani.

Hewa ukaa nayo imepunguzwa kwa mikataba ya umeme safi ambayo Google imenunua. Kwa hiyo ile 0.03 inasoma mikataba, haisomi waya unaoingia kituoni.

Tena, 0.24 ni ya swali la katikati: panga maswali yote kuanzia jepesi hadi zito, uchukue la kati. Aliyepakia ripoti ya kurasa mia yuko mbali na hapo. Picha, video na mafunzo ya modeli havimo kabisa.

Google inasema umeme wa swali hilo la kati ulishuka mara 33 ndani ya miezi 12. Sawa. Lakini mwaka 2024 umeme wa vituo vyake vya data, kwa huduma zake zote, uliongezeka kwa asilimia 27. Ongezeko hilo hulioni kwenye mita ya swali moja. Liko kwenye mita ya getini.