Mguu Lazima Uguse Beisi

Msichana aliyekulia kwenye nage, ukimwingiza uwanja wa softiboli, atakosea mambo mawili siku ya kwanza, na yote mawili atayakosea kwa sababu ni hodari. Nimeyaona kwenye kiwanja cha skuli hapa Pemba, jioni, beisi zetu zikiwa kandambili tatu na kipande cha boksi. Mpigaji aliuchapa mpira wa tenisi kwa ubao, akatimka kuelekea kandambili ya kwanza. Aliyeuokota mpira hakuitazama kandambili wala mwenzake aliyesimama pale kanyoosha mikono. Alimlenga mkimbiaji, akampata mgongoni, pa! Wenzake wote wakapiga kelele: "Katoka!"

Hakutoka. Kwenye nage, mpira ukikupata habari yako imekwisha. Kwenye softiboli mpira uliorushwa haumtoi mkimbiaji hata ukimpata kichwani. Wa siku ile ulimgonga ukadunda pembeni, na wakati wanaukimbilia, yeye alikwisha kufika kandambili ya pili.

Dakika chache baadaye likaja kosa la pili. Mkimbiaji aliona mpinzani anamjia na mpira mkononi, akakata kona, akazunguka mbali kama wanavyokwepa kwenye nage, na watu wakamshangilia. Huyo ndiye aliyetoka. Ukiacha njia yako kwa zaidi ya futi tatu, yaani chini kidogo ya mita moja, ili usiguswe, mwamuzi anakuita auti, yaani umetoka, bila mpira kukugusa.

Mara nyingi mkimbiaji anatolewa kwa kuguswa au kwa beisi. Kuguswa maana yake mpira uwe umeshikwa imara, mkononi au ndani ya glavu, na mkono huohuo au glavu hiyohiyo imguse akiwa nje ya beisi. Mtoto mwenye mpira mkono wa kulia anayemgusa mwenzake kwa glavu tupu ya kushoto hajafanya kitu. Akimgusa kisha mpira ukamponyoka, vilevile hajafanya kitu. Nasisitiza hili kwa sababu mwamuzi mwenye haraka huiona glavu ikigusa, akanyanyua ngumi, kisha anauona mpira unabingirika chini. Subiri uuone mpira, ndipo unyanyue mkono.

Kutolewa kwa beisi kunategemea swali moja: mkimbiaji kalazimika, au hakulazimika? Beisi moja haikai watu wawili. Mpigaji akiupiga mpira ukaenda chini, hana hiari, lazima akimbilie beisi ya kwanza, mita 18 na kidogo kutoka alipokuwa. Aliyekuwa beisi ya kwanza lazima ampishe, aende ya pili. Na kama ya pili ilikuwa na mtu, naye lazima aende ya tatu. Aliyelazimika anatolewa hata bila kuguswa: anayeudaka mpira akiikanyaga beisi kabla yake, basi. Lakini kama beisi ya nyuma yake ilikuwa tupu, anakimbia kwa hiari, na huyo lazima afuatwe aguswe. Tena ulazima huo unaweza kufa mchezo ukiendelea. Mpigaji akitolewa beisi ya kwanza, wa mbele yake hana tena anayemsukuma, na kuanzia hapo kukanyaga beisi hakumtoi.

Kanuni hii ya kulazimika ilimharibia jina kijana wa miaka 19. Tarehe 23 Septemba 1908, kwenye besiboli, ndugu mkubwa wa softiboli, New York Giants na Chicago Cubs walikuwa 1-1 katika nusu ya mwisho ya inings ya tisa, yaani raundi ya mwisho ambapo kila timu hupiga mpaka auti tatu, New York wakipiga na auti mbili zimeshapatikana. Fred Merkle alikuwa beisi ya kwanza, mwenzake beisi ya tatu. Mpigaji akaupiga mpira vizuri, wa beisi ya tatu akafika nyumbani, yaani pale anapoanzia mpigaji, pointi ikaingia, watazamaji wakamiminika uwanjani. Merkle akaona mechi imekwisha, akageuza njia kabla ya kuikanyaga beisi ya pili. Johnny Evers wa Chicago akatafuta mpira, akaikanyaga beisi hiyo, na mwamuzi Hank O'Day akamwita Merkle auti. Alikuwa amelazimika, na auti ya tatu ikipatikana kwa ulazima, pointi iliyoingia haihesabiki. Mechi ikabaki sare, ikarudiwa tarehe 8 Oktoba, na Chicago wakashinda 4-2. Watu walimlaumu Merkle maisha yake yote. Kwa kanuni, hukumu ya O'Day ilikuwa sahihi.

Wapo wanaoniuliza mambo haya ya Wamarekani yanatuhusu nini. Mwezi Agosti 2012 watoto wa Lugazi, hapo Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, na waliifunga timu ya Gresham ya Oregon 3-2. Mechi ikiamuliwa kwa pointi moja, kuijua kanuni ni sehemu ya ufundi kama kupiga mpira.

Mechi ninayoirudia zaidi ninapowafundisha wasichana na waamuzi ilichezwa Jumamosi, tarehe 26 Aprili 2008, katika mji wa Ellensburg, jimbo la Washington. Timu ya softiboli ya chuo kikuu cha Western Oregon ilikuwa mgeni wa Central Washington. Ilikuwa inings ya pili, hakuna aliyepata pointi, na wakimbiaji wawili walikuwa kwenye beisi. Sara Tucholsky wa Western Oregon, msichana mwenye umbo dogo ambaye hakuwahi kuupitisha mpira juu ya uzio, si sekondari wala chuoni, siku ile aliupitisha.

Mpira ukipita uzio unakufa, na mpigaji anapewa beisi zote mpaka nyumbani. Lakini kupewa hakumwondolei kazi ya kukimbia. Lazima azikanyage zote kwa mpangilio. Akiruka moja na wapinzani wakaidai, anatoka. Kwa furaha, Sara aliipita beisi ya kwanza bila kuigusa. Alipogundua aligeuka ghafla, na goti la kulia likaachia. Akatambaa mavumbini mpaka beisi ya kwanza, akaishika, akabaki hapo.

Kocha wake, Pam Knox, akawauliza waamuzi afanyeje. Akaambiwa kwamba wenzake wakimsaidia atakuwa auti, na akiingizwa mbadala pigo litahesabiwa la beisi moja tu: waliokuwa mbele yake wanapata pointi zao mbili, ya kwake inapotea. Hapo ndipo Mallory Holtman wa Central Washington, mwenye rekodi ya mapigo ya kupita uzio katika ligi yao, alipouliza kama wapinzani wanaruhusiwa kumbeba. Hakukuwa na kanuni ya kukataza. Yeye na Liz Wallace wakampakata Sara, wakazunguka naye uwanja, na kila wakifika kwenye beisi walimshusha taratibu mpaka mguu wa kushoto, ule mzima, ukagusa. Beisi ya pili, ya tatu, nyumbani. Western Oregon walishinda 4-2.

Kila ninapoisimulia, koo hunikaza. Lakini nikimaliza huwaomba waamuzi wangu warudi kwenye jibu alilopewa kocha, kwa sababu lilikuwa na kosa. Kitabu cha kanuni cha softiboli ya vyuo kilisema wazi kwamba mchezaji akiumia akashindwa kufika beisi alizokwisha kupewa, mbadala anaingia na kuzikanyaga zilizobaki. Pointi ya tatu ilikuwa halali bila mtu kubebwa. Hilo lilijulikana baada ya mechi.

Kosa la namna hii si sawa na lile la Jim Joyce, mwamuzi wa besiboli, tarehe 2 Juni 2010 mjini Detroit. Mrushaji Armando Galarraga alibakiza auti moja tu amalize mechi bila mpinzani hata mmoja kufika beisi. Joyce akamwita mkimbiaji salama kwenye beisi ya kwanza, na picha zikaonesha alikuwa ametoka. Joyce alikiri jioni ileile. Aliijua kanuni, jicho ndilo lililomdanganya, na wakati ule hukumu ya namna hiyo haikuwa na marekebisho. Ndiyo maana nawafundisha waamuzi wa beisi ya kwanza wagawe kazi: macho yabaki kwenye mguu na beisi, masikio yasikilize mpira ukiingia kwenye glavu. Ukijaribu kuvitazama vyote viwili, utakikosa kimoja.

Kwenye viwanja vyetu, hukumu ya jicho haibishiwi. Hukumu ya kanuni inaulizwa, na kuuliza kuna wakati wake: kocha anaomba mchezo usimame, anamwendea mwamuzi kwa sauti ya chini, na anafanya hivyo kabla mpira unaofuata haujarushwa. Asiseme "umeona vibaya." Aseme, "Mwalimu, umeamua kwa kanuni ipi?" Mwamuzi akiwa na shaka awaite wenzake, na kama kitabu kipo kifunguliwe. Pale Ellensburg swali lilikuwa la kanuni tangu mwanzo, na jibu lilikuwa kitabuni.

Juzi, kwenye kandambili zetu, mpira ulipigwa chini na mkimbiaji mmoja alikuwa beisi ya kwanza. Wasichana wakaurusha kwanza kwenye kandambili ya kwanza, wakamtoa mpigaji. Kisha ukaenda beisi ya pili, kwa yuleyule aliyempiga mwenzake mgongoni siku ya kwanza. Aliudaka, akanyanyua mguu juu ya kandambili, akasita.

"Mwalimu, huyu bado kalazimika?"

Nikamwambia hapana, wa nyuma yake ameshatoka. Akaiacha kandambili, akaukamata mpira kwa mikono miwili, akamfuata.